Njia Tatu za Kushuka Bondeni

Kila kundi la wapenda nduthi Nairobi likipata wikendi ndefu hujiuliza swali moja: tunashuka Bonde la Ufa na njia gani? Naivasha iko kilomita tisini hivi kutoka mjini. Hata piki ya boda ya sisi mia moja na hamsini inafika bila kulalamika. Kwa hivyo swali si kama tutafika. Swali ni tutaona nini tukienda.

Mwaka huu kundi letu la watu sita limenipa mimi kazi ya kuchagua njia ya safari ya Agosti. Sababu yao ni moja tu, kwamba mimi ndiye "msee wa historia". Nilisoma historia chuoni hadi mwaka wa tatu, karo ikaisha, nikatoka. Vitabu sikuviacha. Sasa naandika makala za kulipwa kwa neno, na marafiki zangu wanaamini mtu aliyesoma historia bila kumaliza ndiye anafaa kuongoza watu porini. Mmoja wao aliniambia waziwazi: "Wewe tupe view, hizo hadithi zako utatuambia jioni tukikula nyama."

Hapo ndipo mimi na yeye tunaachana. Kwa hilo bonde, view na hadithi ni kitu kimoja. Ukisimama kwa ukingo ukapiga selfi, nyuma yako kuna kila kitu kilichowahi kutokea hii nchi kabla hujazaliwa. Basi acha niwaeleze njia zote tatu kama nilivyowaeleza wao, ndio nawe ukipanga safari yako ujue unachagua nini.

Kwanza tuongee hali ya hewa. Wazungu wana kiangazi chao cha Juni hadi Agosti, wanatoa piki gereji, wanafuata jua. Kwetu miezi hiyo ndiyo ya baridi na manyunyu. Agosti huko Limuru na Kinungi ukungu unaweza kushuka asubuhi hadi usione taa ya nyuma ya lori lililo mbele yako. Msimu mzuri wa nduthi ni Januari na Februari, lami ikiwa kavu na Longonot ikionekana wazi. Lakini likizo za watu hazifuati mvua, zinafuata kazi. Kama lazima iwe Agosti, iwe Agosti. Vaa jaketi nzito, glavu, na utoke mjini saa tatu ukungu ukianza kuinuka, si saa kumi na moja alfajiri eti ndio ukwepe jam.

Sasa njia zenyewe.

Ya kwanza ndiyo ya zamani kuliko zote, na ndiyo watu wengi hawaifikirii. Unatoka Ngong, unaacha vilima na vile vinu vya upepo mgongoni, unashuka kupitia Kimuka na Ewaso Kedong hadi Suswa. Hapo unaingia barabara ya Narok, unageuka kulia kuelekea Mai Mahiu, kisha Naivasha. Lami iko. Magari ni machache. Miti inapungua, unabaki na nyasi, miiba, ng'ombe na anga kubwa ajabu. Mlima Suswa unakaa kushoto kwako kama sufuria iliyofunikwa.

Hii, zaidi au kidogo, ndiyo njia ya misafara. Kabla ya reli na kabla ya jina Kenya, wafanyabiashara wa pwani na Wakamba walipita hapa na mizigo kichwani. Ngong, ambapo wao walipaita Ngongo Bagas, ndipo walipojaza chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuvuka nchi ya Wamaasai. Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskoti, alipita huku akielekea ziwani, na vitabu vingi vinasema "alivuka nchi ya Wamaasai" kana kwamba alikuwa peke yake. Aliongozana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua njia hiyo kabla Thomson hajaisikia. Mwaka huohuo Mjerumani Gustav Fischer alikuwa amefika karibu na Naivasha. Leo ukienda Hell's Gate kuna mwamba uliosimama wima ambao bado unaitwa kwa jina la Fischer. Mwamba wa Kimameta sijauona mahali.

Hata jina "Bonde la Ufa" ni la juzi. Mwanajiolojia J. W. Gregory alipita hapa mwaka 1893, akaeleza kwamba bonde hili halikuchongwa na mto, bali ardhi ya katikati ilizama huku kingo zikibaki juu. Maelezo yake yakashika na jina likashika. Lakini majina ya Kimaasai yalikuwepo na bado yapo midomoni mwetu kila siku: Naivasha, kutokana na maji yanayochafuka kwa mawimbi, Longonot, mlima wa matuta mengi, Kijabe, upepo. Hilo la mwisho si la kupamba makala. Upepo wa pembeni kwenye ukingo wa Kijabe utakusukuma hadi leni ya pili kama hujajishika. Waliopapa jina walijua.

Bonde la Kedong, unalolipita kwenye njia hii, lina kisa chake. Novemba 1895 msafara mkubwa wa wapagazi Wakikuyu na Waswahili ulikuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine, walikopeleka chakula. Njiani watu wa msafara waliwachokoza Wamaasai na kuwaingilia wanawake wao. Morani wakaushambulia, na mamia ya wapagazi wakauawa. Mfanyabiashara mmoja Mskoti, Andrew Dick, aliyekuwa karibu, akaamua kulipiza kisasi na bunduki yake. Akawaua Wamaasai kadhaa kabla naye hajauawa kwa mkuki. Ajabu ni kilichofuata. Afisa wa Waingereza, John Ainsworth, alichunguza akaona msafara ndio ulioanza uchokozi, na Wamaasai hawakupigwa vita vya kulipiza. Nchi wakati huo ilikuwa haijawa mali ya mtu mmoja kiasi cha kutosikiliza upande wa pili.

Hali hiyo haikudumu. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899, kisha ikakutana na ukingo huu. Wahandisi hawakuweza kungoja. Wakajenga reli ya muda ya kushuka, mabehewa yakiteremshwa kwa kamba kwenye mteremko ambao wewe huwezi kushuka na nduthi hata ukilipwa, ili kazi ya chini iendelee huku njia ya kudumu ikichongwa juu. Desemba 1901 reli ikafika Kisumu. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kwa kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Watu hukumbuka simba wa Tsavo kwa sababu simba ni hadithi tamu. Wengi walikufa kwa magonjwa na ajali, na hakuna filamu ya kuhara damu.

Reli ikishapita, ardhi ya pembeni ikapata bei. Agosti 1904, tena Agosti, Olonana na viongozi wengine wa Wamaasai waliweka alama kwenye mkataba. Wakaondolewa nyanda za Naivasha na Nakuru, nusu wakapelekwa Laikipia, nusu kusini. Mkataba uliahidi kwamba makazi hayo mapya yatakuwa yao maadamu Wamaasai wangali wapo duniani. Ilichukua miaka saba tu. Mwaka 1911 wa Laikipia wakaambiwa wahame nao, waende kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi ikatupwa kwa hoja kwamba mkataba ule ulikuwa baina ya mataifa mawili huru, kwa hivyo mahakama ya koloni haina uwezo nao. Soma tena hiyo hoja polepole. Walikuwa taifa huru siku ya kunyimwa haki tu.

Ndio maana ukiwa Naivasha unakunywa maziwa ya mtindi kando ya barabara, na ukiendelea mbele hadi Elementaita unaona uzio unaokwenda kilomita na kilomita, si ati ardhi ile ilikuwa tupu ikapata wenyewe. Soysambu, shamba la Lord Delamere, liko palepale Wamaasai walipotolewa. Mandhari ni nzuri kweli, flamingo kwa ziwa na vilima nyuma. Lakini uwazi huo unaoupiga picha ulitengenezwa kwa wino.

Njia hii ya Ngong ina onyo moja. Ardhi ya Suswa ni majivu ya volkeno, laini chini ya nyasi. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mkubwa ulifunguka karibu na Suswa ukaikata barabara ya Narok. Wanasayansi wakabishana, wengine wakisema bara linapasuka, wengine wakisema ni maji tu yamekula udongo laini. Kwa mwendeshaji piki jibu halijalishi sana. Kama imenyesha usiku, punguza kasi, na usitoke nje ya lami ukidhani unaenda kupiga picha.

Njia ya pili ndiyo kila mtu huijua kwa sababu ya picha. Unafika Rironi, unaiacha barabara kuu, unashika ya kushoto inayoshuka ukingoni hadi Mai Mahiu. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande mwingine ni hewa. Kuna vibanda vya mbao vimening'inia juu ya bonde, kibao kinakuambia uko futi 8,000, na mtu anakuvisha kofia ya ngozi ya kondoo kabla hujazima injini. Chini kabisa unaona Longonot na Suswa kwa mara moja. Sikatai, ni kitu cha kuona.

Barabara hii ilichongwa na wafungwa. Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza yaliingia Ethiopia na Somalia kuwatoa Waitaliano. Addis Ababa ikachukuliwa Aprili, na Mei Haile Selassie akarudi kwenye kiti chake. Makumi ya maelfu ya Waitaliano wakaletwa Kenya kama wafungwa wa vita. Hata kamanda wao mkuu, Mtawala wa Aosta, aliletwa, akafia Nairobi Machi 1942 na kuzikwa Nyeri. Wengine wakagawiwa kazi: mashamba, majengo, barabara. Ukingo huu ukawa kazi yao.

Kule chini, kabla ya kuingia Mai Mahiu mjini, kuna kanisa dogo la Katoliki kando ya lami. Walilijenga mwaka 1942. Ni dogo mno. Watu kumi na wawili wakiingia, wa kumi na tatu atasali akiwa nje. Malori yanapita hatua chache kutoka mlangoni na vioo vinatetemeka. Ukitaka kuelewa mtu aliyetoka kijiji cha Italia akajikuta anavunja mawe Mai Mahiu anavyohisi, ingia humo ukae dakika tano. Mwenzao mmoja kambi ya Nanyuki, Felice Benuzzi, aliona Mlima Kenya kwa dirisha la kambi hadi akashindwa kuvumilia. Januari 1943 yeye na wenzake wawili wakatoroka, yeye na mmoja wao wakapanda hadi Point Lenana kwa vifaa vya kujitengenezea, wakasimika bendera, kisha wote wakarudi wenyewe kambini kujisalimisha. Alikuja kuandika kitabu ambacho wapanda milima bado wanakisoma.

Mimi nawapenda hao Waitaliano, kusema kweli. Lakini nikiwa pale kanisani huwa najiuliza jambo lingine. Waliowashinda Waitaliano kule Ethiopia hawakuwa Waingereza peke yao. Walikuwemo askari wa King's African Rifles, vijana wa hapa na wa Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na wenzao kutoka Nigeria, Gold Coast na Afrika Kusini. Wengine wa KAR wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha Burma. Wafungwa wana kanisa kando ya barabara, lina jina, lina tarehe, linafagiliwa. Askari aliyewateka, mwana wa Murang'a ama Kitui, alirudi nyumbani akakuta ardhi bado ni ya yuleyule settla. Waruhiu Itote alirudi kutoka Burma. Miaka michache baadaye watu walimjua kama Jenerali China, akiwa msituni Mlima Kenya.

Na hiyo inatupeleka kwa njia ya tatu.

Hii ni barabara ya juu: Limuru, Uplands, Kimende, Soko Mjinga, Fly Over, Kinungi, halafu unateremka Naivasha. Ndiyo ya matatu na ndiyo ya haraka. Watu wa piki huidharau, wanasema ni barabara ya kwenda kazini. Lakini ni nzuri kwa namna yake. Kuna mashamba ya chai Tigoni na Limuru, ambako chai ya kwanza Kenya ilipandwa mwaka 1903. Kuna misonobari kwenye ukungu. Kuna magunia ya viazi na karoti zilizooshwa zikang'aa, na mama wa Soko Mjinga akikuita "customer" kabla hujashuka. Upande wa kushoto, miti ikiachana, bonde linajitokeza ghafla halafu linafungwa tena.

Cucu yangu, mama ya mama, alizaliwa pande za Lari. Nikiwa mdogo tukitoka Nairobi kwenda kwa shangazi Naivasha, Cucu alikuwa mtu wa kuongea kwa matatu kuliko redio. Atakuuliza bei ya kila kitu, atakuambia nani alioa nani. Tukifika Uplands alinyamaza. Si ati alilala, macho yalikuwa wazi. Tukipita Kimende, kimya. Tukifika Kinungi alianza tena, kama mtu aliyebonyezwa, na kila mara alianza na bei ya viazi. Mimi nilidhani ni baridi. Nilikuwa chuo tayari, nikisoma mwaka 1953 kwa mtihani, ndipo nikahesabu miaka yake. Alikuwa na miaka minane.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia nyumba za Lari, nyumba za Chifu mstaafu Luka Wakahangara, za Home Guard na za jamaa zao. Milango ilifungwa kwa nje na nyumba zikatiwa moto. Zaidi ya watu 70 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Usiku huohuo, chini bondeni, kundi lingine lilivamia kituo cha polisi cha Naivasha, likachukua bunduki na kuwafungulia wafungwa zaidi ya mia moja. Magazeti ya Uingereza yalijaa picha za Lari. Ambacho hakikujaa magazetini ni kilichofuata kabla ya kupambazuka na siku zilizofuata. Home Guard, polisi na askari wakalipiza. Walioshukiwa wakauawa bila kesi, na idadi yao haikuwa ndogo kuliko ya kwanza. Kisha zikaja kesi zenyewe. Watu 71 wakanyongwa kwa ajili ya Lari.

Sasa rudi nyuma kidogo, kilomita chache tu kwa nduthi. Kwa nini Lari? Kwa sababu ya Tigoni. Ile chai nzuri unayoipiga picha Limuru. Serikali ya kikoloni ilitaka eneo la Tigoni liwe la wazungu pekee, na mwisho wa miaka ya 1930 na mwanzo wa 1940 wenyeji wakaambiwa wahamie Lari. Wengi walikataa. Luka alikubali kubadilishana na akahamia na watu wake. Kwa waliopoteza, yeye alikuwa ameuza kile ambacho hakikuwa chake kukiuza, na ardhi waliyopewa huko Lari pia ilikuwa na watu waliodai ni yao. Kwa hivyo 1953 haikuanza 1953. Ilianza siku mtu alipoangalia vilima vya Tigoni akaona ni vizuri sana kuachiwa wenyewe. Mandhari ndiyo iliyoleta balaa.

Siku moja, baada ya mimi kutoka chuo, nilimuuliza Cucu moja kwa moja. Nilimwambia, Cucu, nimesoma kuhusu Lari. Akaniangalia, akaendelea kumenya viazi. Halafu akasema kwa Kikuyu maneno machache tu: kwamba usiku ule waliona mwangaza, na mamake akawaambia watoto ni jua linachomoza, walale. Nilimuuliza walikuwa upande gani. Hakunijibu. Na nimekuja kuelewa kwamba hilo ndilo swali la mtu wa mtihani. Pale kijijini familia nyingi zilikuwa na mtu upande huu na mwingine upande ule, na wajukuu wao leo wanauza viazi kwenye soko moja.

Kimende kuna makumbusho madogo ya amani yaliyoanzishwa na wenyeji wenyewe, wazee wa pande zote mbili waliokaa chini kupatana. Haina kibao kikubwa barabarani kama vibanda vya selfi. Matatu zinapita kasi. Ukilinganisha na kanisa la Waitaliano, ambalo kila mwongozo wa watalii unalitaja, utaona jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi hii nchi. Ya mgeni tunaipigia picha. Yetu tunanyamaza hadi Kinungi.

Kuna jambo moja zaidi, la karibu. Aprili 29, 2024, kabla ya alfajiri, maji yaliteremka kutoka ukingo wa Old Kijabe yakapiga kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu. Makumi ya watu walikufa. Mwanzoni ilisemwa ni bwawa limepasuka. Baadaye serikali ikasema ni njia ya maji chini ya reli ya zamani iliyoziba kwa takataka na magogo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta la reli hadi likashindwa. Reli ileile ya kushuka ukingo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, tuta lililojengwa kuivusha himaya hadi ziwani likawa ukuta wa bwawa ambalo hakuna aliyelipanga wala kulilinda. Ukipita Mai Mahiu usipite kama mtu anayekimbilia samaki wa Naivasha. Angalia kulia, juu ya mlima, uone maji yalikotoka.

Mnaona sasa kwa nini "tupe view" haitoshi? Kila mmoja aliyepita hapa alikuja na view yake. Gregory aliona ufa. Mhandisi wa reli aliona mteremko, settla akaona malisho, mkoloni akaona chai, na Benuzzi akaona mlima wa kumtoa kambini. Kila mara kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa tayari anaishi ndani ya hiyo picha, na kila mara aliombwa asogee kidogo. Sasa tunaenda sisi, vijana wa Nairobi na helmeti na simu. Hatuchukui ardhi ya mtu, ni kweli. Lakini tunaweza kuchukua picha ile tupu ileile na kurudi nayo.

Na muda si mrefu. Kuna mpango wa kuzipanua barabara hizi, ya juu kutoka Rironi hadi Mau Summit, na ya chini ya Mai Mahiu pia, kisha zilipiwe. Mimi sipingi. Nimeona ajali za kutosha Kinungi. Lakini barabara pana huondoa sababu ya kusimama. Ukiwa na leni nne na kilomita mia kwa saa, Kimende ni jina kwa kibao cha kijani, na lile kanisa dogo utaliona kwa kioo cha nyuma.

Kwa hivyo nimewachagulia kundi langu mzunguko, na nakupa nawe bure. Tunashuka na Ngong, kwa sababu ndiyo njia iliyokuwepo kabla ya wote, na kwa sababu trela ni chache, na anayejifunza kupinda kona hatafia huko. Mafuta tunajaza Ngong, maana katikati vituo si vya kutegemea. Tukifika Mai Mahiu hatuendi Naivasha moja kwa moja. Tunapanda barabara ya Waitaliano kidogo hadi kanisani, tunazima injini, tunakaa. Ukingo wenyewe hatuupandi wala hatuushuki siku hiyo. Agosti, na ukungu, na breki za malori zikinuka, selfi ile haina thamani hiyo. Tunalala Naivasha. Asubuhi yake anayetaka Longonot apande, ni mita 2,776 na miguu itamkumbusha, na anayetaka Kikopey aende akale nyama.

Kurudi ni barabara ya juu. Kinungi, Fly Over, Soko Mjinga, halafu Kimende. Hapo ndipo tunasimama, saa nzima, hata kama mvua inatishia. Tutauliza njia ya makumbusho kwa mtu wa viazi, tutanunua viazi vyake, na tutaingia. Nimewaambia wasee mapema kwamba hapo hakuna view. Kuna ukuta, picha za zamani, na kama tuna bahati, mzee mmoja wa kutueleza. Yule rafiki yangu wa view alinyamaza kidogo, akauliza kama tunaweza kufika kabla ya giza.

Nikamwambia tukitoka Naivasha saa nne, tutafika mchana.